Ahadi na Rehani: Swali la Uaminifu katika Kuchagua Distro ya Linux

Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu cha mfumo endeshi: sehemu inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kusemezana na diski na kadi ya mtandao. Linus Torvalds alikitoa hadharani mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Kiini peke yake hakiwezi kuhosti tovuti. Seva inahitaji pia Apache au Nginx ya kujibu vivinjari, hifadhidata, PHP, programu ya SSH ya kuingilia kutoka mbali, na mamia ya maktaba ndogondogo ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka siku zinapoharibika. Vyote hivyo vimeandikwa na watu tofauti, wengi wao hawajuani. Kazi ya kuvikusanya, kuvijaribu pamoja, kuvitia sahihi ya kidijitali na kuvitoa kwa jina moja na namba moja ya toleo ndiyo inayozaa distro.

Mtu akizifungua distro mbili na kuzitazama kwa ndani, tofauti ni chache kuliko majina yanavyodokeza. Apache ya Debian na Apache ya AlmaLinux zimetoka katika msimbo mmoja. Ya kwanza huweka mipangilio yake kwenye /etc/apache2, ya pili kwenye /etc/httpd. Debian husakinisha vifurushi kwa apt, AlmaLinux kwa dnf. Upande mmoja ulinzi wa ndani ni AppArmor, upande wa pili ni SELinux. Fundi mzoefu huyazoea hayo ndani ya wiki chache. Tofauti nzito iko kwenye ratiba ya viraka vya usalama. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, imeahidiwa viraka hadi Juni 2028. Ubuntu 24.04 imeahidiwa miaka 5 ya bure. AlmaLinux 9, iliyotoka 2022, imeahidiwa hadi 2032. Anayechagua distro anachagua neno la nani alitegemee kwa muda huo wote, na hapo suala la ufundi linaingia katika uwanja wa falsafa ya maadili: ahadi ni nini, inamfunga nani, na je, inaweza kumfunga mtu ambaye hakulipwa chochote?

Kiswahili kina jibu la haraka: ahadi ni deni. Lakini deni lina mdai na mdaiwa, na kwa kawaida kuna kitu kilichotolewa kwanza. Katika programu huria hali ni tofauti. Karibu kila leseni, ikiwemo GPL ambayo Richard Stallman aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ina kifungu kinachotamka kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Distro hiyohiyo inayotangaza tarehe ya mwisho ya viraka inakuja pamoja na leseni inayosema hakuna kinachoahidiwa. Kwa jicho la sheria, mpokeaji hadai kitu. Swali ni kama maadili nayo yanaishia hapo.

Wanafalsafa wamelijibu kwa njia zisizofanana. David Hume, aliyeandika mwaka 1739 na 1740, aliiona ahadi kuwa chombo kilichobuniwa na wanadamu: maneno yana nguvu kwa sababu jamii imekubali kuyapa nguvu, na kila mmoja ananufaika yakilindwa. Alitoa mfano wa watu wawili wanaopiga makasia katika mtumbwi mmoja. Hawakuahidiana lolote, lakini kila mmoja anavuta kwa kuwa mwenzake anavuta. Immanuel Kant, mwaka 1785, aliliweka jambo katika akili: anayeahidi huku akijua hatatimiza anajipinga mwenyewe, maana kila mtu akifanya hivyo hakuna atakayeamini ahadi, na hila yake itakosa mahali pa kusimama. T. M. Scanlon wa Marekani, mwaka 1998, alilitazama upande wa anayeahidiwa. Kwake, ubaya wa kuvunja ahadi uko katika kumtupa mtu aliyepanga mambo yake kwa kutegemea neno ulilompa makusudi ili alitegemee. Hoja ya Scanlon haihitaji malipo. Zawadi pia, ikitangazwa kwa tarehe, huwafanya watu wapange.

Katika ulimwengu wa distro, watoa ahadi wanagawanyika katika aina tatu. Aina ya kwanza ni jumuiya ya watu wanaojitolea, na mfano wake mkubwa ni Debian. Ian Murdock aliitangaza Agosti 1993, akaipa jina lililounganisha Debra, mpenzi wake wa wakati huo, na Ian. Haina kampuni inayoimiliki. Wanachama wake, takriban elfu moja, humchagua kiongozi kila mwaka na hupigia kura mambo mazito. Mwaka 1997 walipitisha Mkataba wa Kijamii unaosema kwamba Debian itabaki huria, itarudisha kazi yake kwa jumuiya, haitaficha matatizo, na itatanguliza watumiaji pamoja na programu huria. Ni ahadi ya watu wasiolipwa na mradi kwa watu wasiowajua. Nayo imewahi kubadilishwa: mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuruhusu firmware zisizo huria, yaani programu zinazoendesha vifaa, ndani ya diski rasmi ya kusakinishia, na maneno ya Mkataba yakarekebishwa ili yaendane na uamuzi. Mabadiliko yalifanyika mchana kweupe, hoja na hesabu ya kura zikiwa wazi kwa yeyote.

Aina ya pili ni kampuni inayouza ahadi. Red Hat, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilianza mwaka 2002 kutoa distro yake ya makampuni, Red Hat Enterprise Linux, ambayo matoleo yake ya sasa hutunzwa kwa miaka 10. Mteja hulipa kila mwaka, na akipata tatizo ana mkataba wa kushika mkononi. Hapa ahadi ni deni kwa maana ya dukani kabisa. Hata hivyo, mwenye duka anaweza kubadilika: mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, na tangu hapo neno la Red Hat likawa ndani ya mipango ya kampuni kubwa zaidi.

Aina ya tatu ni mchanganyiko, nayo ni Ubuntu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliianzisha kupitia kampuni yake ya Canonical, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 likiwa limejengwa juu ya Debian. Jina limetoka katika lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni shina lilelile lililotuachia utu. Hadi 2011 kampuni iliwatumia watu CD za bure kwa posta hata nje ya mabara tajiri. Kila baada ya miaka miwili hutoka toleo la muda mrefu, lenye viraka vya bure kwa miaka 5. Anayetaka miaka zaidi huingia katika mpango wa Ubuntu Pro. Ni zawadi inayotoka katika mfuko wa biashara. Jina la utu, hata hivyo, halijazi nafasi ya ahadi. Linaeleza nia, na nia ya kampuni hupimwa upya kila hesabu za mwaka zinapofungwa.

Kisa cha CentOS kinaonyesha aina hizi zikigongana. Tangu 2004 CentOS ilichukua msimbo ambao Red Hat iliutoa hadharani, ikaondoa nembo za biashara, ikaujenga upya na kuugawa bure. Wenye biashara ya kuhosti waliipenda mno, sababu mojawapo ikiwa cPanel, jopo la kusimamia tovuti ambalo kwa miaka mingi lilitegemea zaidi ukoo wa Red Hat. Mwaka 2014 Red Hat iliuweka mradi huo chini yake. CentOS 8 ikatoka Septemba 2019, na ratiba ikasema viraka vitaendelea hadi mwisho wa Mei 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo kwamba toleo hilo litakoma tarehe 31 Desemba 2021. Mahali pake pangechukuliwa na CentOS Stream, ambayo huitangulia Red Hat Enterprise Linux badala ya kuifuata. CentOS 7, ya zamani zaidi, iliachiwa tarehe yake ya 30 Juni 2024.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha busara ya kazi. Msimamizi aliyefuata ushauri wa kitaalamu na kuhamia toleo jipya mapema alibakiwa na mwaka mmoja. Mzembe aliyebaki kwenye toleo la zamani alibakiwa na miaka mitatu na nusu. Kuhama si kubofya kitufe. Kuna kunakili hifadhidata ya kila mteja, kuhakikisha barua pepe hazipotei njiani, kubadilisha rekodi za DNS usiku wa manane wakati wageni ni wachache, na kuwaandikia wateja kuwaeleza kwa nini tovuti ilizima kwa dakika 20. Nguvu hizo zilikwishatumika mara moja kwa kuamini mwaka 2029, na sasa zilitakiwa tena.

Je, huko kulikuwa kuvunja ahadi? Wanaokana husema kwamba zawadi haidaiwi, na leseni ilikwishasema hakuna dhamana. Wanaokubali husema kwamba tarehe iliyotangazwa rasmi haiwi pambo. Iliwekwa ili watu wapange kwayo, nao wakapanga. Kwa kipimo cha Scanlon upande wa pili una nguvu zaidi. Lakini hukumu hiyo, hata ikiwa sahihi, haikuinusuru seva hata moja. Zilinusurika kwa njia nyingine. Siku ileile ya tangazo, Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alitangaza mradi mpya ambao uliitwa Rocky Linux kwa kumkumbuka mwanzilishi mwenzake aliyefariki, Rocky McGaugh. Kampuni ya CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux, jina lililotokana na neno la Kihispania lenye maana ya roho. AlmaLinux ilitoka Machi 2021, Rocky Linux Juni 2021. Zote mbili ziliandaa programu ndogo ya kuigeuza CentOS 8 palepale ilipo bila kufuta tovuti.

Hapa ndipo dhana ya deni inapaswa kukamilishwa na dhana nyingine ya sokoni, yaani rehani. Mkopeshaji makini haishii kutazama sura ya mkopaji. Anashika kitu chenye thamani ambacho kitabaki mkononi mwake neno likivunjika. Leseni huria hufanya kazi hiyohiyo. Msimbo umekwishatolewa, na haki ya kuutumia kwa lengo lolote, kuuchunguza, kuugawa, na kuurekebisha kisha kugawa marekebisho haimo tena katika hiari ya aliyetoa. Uhuru huo wa aina nne, ambao Stallman ameutetea tangu alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, huelezwa mara nyingi kama haki ya mtu binafsi. Katika kisa cha CentOS ulifanya kazi ya rehani: mtoa ahadi alipojitoa, waliobaki walikuwa tayari wanashika kitu cha kuanzia.

Rehani hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, inaweza kupunguzwa thamani. Juni 2023 Red Hat ilitangaza kwamba msimbo kamili wa distro yake ya kulipia utapatikana kwa wateja wake, na hadharani utabaki ule wa CentOS Stream. GPL inamlazimu mtoa programu kuwapa msimbo wale aliowapa programu; haimlazimu kuupeleka kwa dunia nzima. AlmaLinux ikaacha kutafuta kuwa nakala isiyopishana hata kwa kasoro, ikajifunga kubaki yenye kupatana, ili programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Red Hat iendelee kufanya kazi juu yake. Pili, rehani ni mali kwa anayeweza kuitumia. Shamba lililowekwa rehani kwa asiye na jembe halimlishi. Ofisi yenye seva moja na fundi mmoja haiwezi kujenga upya maelfu ya vifurushi. Usalama wake uko kwa wengine wenye ujuzi na sababu ya kuifanya kazi hiyo, wapiga makasia wa Hume. Methali ya mtu ni watu hapa ina maana ya kiufundi kabisa: distro yenye msimbo huria lakini isiyo na watu wengi kuizunguka ina rehani isiyouzika.

Bado kuna swali la kitu kinachoahidiwa. Distro za seva huahidi kudumu bila kubadilika, lakini kila wiki hubadilishwa. Plutarch aliandika juu ya jahazi la Theseus ambalo Waathene walilitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni lilelile. CentOS 7 ilikuwa jahazi la namna hiyo. Ilitoka mwaka 2014 ikiwa na PHP 5.4.16, na ilipofikia mwisho wake mwaka 2024 PHP yake bado ilijitaja kwa namba hiyo. Watunzi wa PHP wenyewe walikwishaliacha tawi la 5.4 mwaka 2015. Red Hat ilikuwa ikichukua viraka vya matoleo ya baadaye na kuvishona ndani ya msimbo wa zamani. Programu za ukaguzi zinazosoma namba peke yake hupiga kelele zikikutana na seva kama hiyo, na msimamizi hulazimika kumweleza mteja kwamba ubao uliooza ulikwishang'olewa ingawa jina ubavuni halikuandikwa upya.

Jibu la fumbo hilo, kwa upande wa seva, liko katika tabia. Kinachotakiwa kibaki vilevile ni jinsi mfumo unavyowajibu wanaoutegemea: tovuti iliyoandikwa 2014 ifunguke, ukurasa wa malipo usibadili mwenendo kwa sababu ya kiraka cha usiku. Neno imara, linapotumika kwa distro, lina maana hiyo kabla ya maana ya kutokuharibika. Distro kama Arch Linux, isiyo na matoleo na inayopokea programu mpya kila siku, haijavunja ahadi yoyote, kwa kuwa iliahidi upya, na upya inautoa. Haifai seva ya wateja wengi kwa sababu wateja hao wanahitaji ahadi nyingine.

Ahadi huvunjika pia bila mtu kuivunja. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian aliondoa mistari katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliyokuwa ikilalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Mistari hiyo ndiyo iliyotia bahati nasibu katika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki ni namba ya mchakato, ambayo haikuzidi 32,768, hivyo ufunguo wowote ungeweza kupatikana kwa kujaribu zote moja moja. Kosa lilikaa karibu miaka miwili, likaingia hadi Ubuntu. Tarehe 13 Mei 2008 Debian ilitangaza kila kitu, ikatoa orodha ya funguo mbovu na kuwataka watu watengeneze mpya. Ahadi ya ubora ilikuwa imeanguka. Ahadi ya kutoficha matatizo ilisimama. Kimaadili mambo hayo hayapimwi kwa mizani moja. Aliyekosea na kusema bado anaweza kuaminiwa, pengine kuliko ambaye makosa yake hayajawahi kusikika.

Usaliti una sura nyingine. Kwa zaidi ya miaka miwili mtu aliyetumia jina la Jia Tan alisaidia kutunza xz, programu ndogo ya kubana data, mpaka mwenye mradi, aliyekuwa amechoka, akamkabidhi madaraka. Ndipo akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliolenga kuingilia SSH. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 akautangazia ulimwengu. Mlango ulikuwa umefika katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Matoleo imara ya Debian, Ubuntu na Red Hat hayakuguswa kwa kuwa yalikuwa hayajaichukua xz mpya. Polepole iliokoa mwaka 2024, ila isisahaulike kwamba mwaka 2008 polepole haikusaidia, maana kosa lilikuwa tayari ndani ya toleo imara. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix, alikwishaonyesha mwaka 1984 kwamba hata kusoma msimbo wote hakutoshi, kwa sababu chombo kinachoutafsiri kinaweza kuwa kimehujumiwa. Mwisho wa mnyororo wa ukaguzi daima kuna mtu anayeaminiwa.

Katika mnyororo huo msimamizi wa seva anasimama katikati: kwa juu anapokea ahadi, kwa chini anatoa. Mwenye duka au shule iliyompa tovuti yake hajui kama chini kuna Debian au Rocky. Amekabidhi amana. Fikihi ya Kiislamu, iliyolipa neno hilo uzito wake katika Kiswahili, ina kanuni inayofaa hapa: mwenye kushika amana hawajibiki kwa kilichoharibika bila uzembe wake, na anawajibika kwa kilichoharibika kwa uzembe au kwa kuvuka mipaka. Kwa kanuni hiyo msimamizi halaumiwi kwa uamuzi wa 8 Desemba 2020 wala kwa kosa la OpenSSL. Analaumiwa kwa yale yaliyokuwa katika uwezo wake.

Yaliyo katika uwezo wake yanajulikana. Kabla ya kuchagua anaweza kujua tarehe ya mwisho ya toleo na kuilinganisha na muda wa mkataba wa mteja. Anaweza kujua nani ana mamlaka ya kuibadilisha tarehe hiyo: kura ya wanachama, bodi ya wakfu, au wakurugenzi wa kampuni moja. Anaweza kuuliza kama neno likivunjika kuna ndugu wa distro hiyo wa kuhamia palepale, na kama jopo la kusimamia tovuti linamruhusu kuhama au limemfunga. Anaweza kupima ujuzi wake mwenyewe, maana distro bora mikononi mwa asiyeijua ni uzembe wa aina yake. Baada ya hapo, Debian, Ubuntu, AlmaLinux na Rocky zote zinaweza kuwa chaguo la haki, na ubishi wa ipi ni bora unabaki kuwa wa ladha na mazoea. Deni lenyewe halibaki kwa Debian wala kwa kampuni yoyote. Anayemsimikia mteja Debian 12 leo ndiye mdaiwa, na tarehe ya kulipa inajulikana: kabla ya Juni 2028 kuisha, tovuti hiyo iwe imekwisha kuhamishwa.